Soksi Aliyoishona Shangazi Rozina

Shangazi Rozina aliwaambia watu kwamba alipasuliwa kidole tumbo. Aliwaambia majirani wetu wa mtaa wa Izia, mjini, akawaambia wanajumuiya, akamwambia padre, na akampigia simu mama yake mzazi aliyeko kijijini Mpui akamwambia, mimi nikiwa nimekaa kando ya kitanda nimemshikia chupa ya maji. Ukweli ni kwamba madaktari wa Mbeya walimtoa kizazi kwa sababu kilikuwa na saratani, na pamoja nacho wakatoa mitoki, vile vitezi vya kinena na vya ndani ya nyonga, ili waone kama ugonjwa umetembea. Haukuwa umetembea. Katika ukoo mzima tulijua watu wawili tu, yeye na mimi.

Mimi nilijua kwa sababu ndimi niliyemsindikiza, na nilimsindikiza kwa sababu sikuwa na kazi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, shahada ya ualimu, Kiswahili na Historia, nikawa nasubiri ajira katika chumba cha nyuma cha nyumba yake. Nilikuwa nasoma. Wageni walipobisha hodi nilisikiliza kwanza sauti, na kama si ya mtu ninayemfahamu nilikaa kimya mpaka shangazi aitikie mwenyewe.

Yeye alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa duka lake: meza ya kukatia, pasi ya mkaa, na cherehani ya kukanyaga aliyonunuliwa na marehemu mume wake, Mwalimu Polikarp, mwaka waliofunga ndoa. Walikaa miaka kumi na tisa bila mtoto. Kwa miaka hiyo kumi na tisa mawifi walimtazama tumbo kabla ya kumtazama uso, naye akawa anashona gauni za ubatizo. Nadhani nusu ya watoto waliobatizwa parokiani kwetu walimwagiwa maji wakiwa wamevaa kazi ya mikono yake. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Siku daktari alipotuambia kizazi kina saratani, tulitoka nje tukasimama koridoni, akafunga vizuri kitenge chake kiunoni, akasema, "Hakikunipa kitu, na sasa kinataka kunitangaza."

Kisha akanigeukia. "Ni kidole tumbo. Umesikia, Kristiana?"

"Nimesikia, shangazi."

Kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani tulipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa anaitwa Vitus, kijana wa umri wangu, na hilo peke yake lilitosha kunifanya nisijue pa kuweka macho. Alimlaza shangazi, akamvuta sketi hadi juu ya goti kwa adabu sana, akatueleza. Alisema mwilini kuna maji yasiyopita kwenye mishipa ya damu, yana vijia vyake, na mitoki ni kama vituo vya njiani. Vituo vya upande wa kushoto vilikuwa vimeondolewa. Maji yangeweza kukwama na mguu ukavimba, labda mwezi ujao, labda mwakani, labda usivimbe kabisa.

"Ukianza kuwa mzito tu, anzeni kuufunga," alisema, akatoa bandeji pana ya kuvutika. "Unaanzia vidoleni. Hapa chini unakaza, ukipanda unalegeza, kidogo kidogo. Kitu chochote kisibane juu kuliko chini. Ukibana juu umefunga mlango na maji bado yako ndani."

Alitukataza mengine pia. Asitembee peku, asichomwe sindano kwenye mguu ule, asiguswe na wembe, kwa sababu kidonda kidogo kwenye mguu wa namna hiyo huwa kikubwa haraka. Auoshe, aukaushe hadi katikati ya vidole, aupake mafuta. Akikaa auinue. Kisha akanipa bandeji. "Haya dada, funga wewe."

Nilifunga nikiwa nimetazama kalenda ya ukutani.

"Dada," Vitus akasema, "mguu hauko ukutani."

Shangazi alicheka, kwa mara ya kwanza wiki ile, akashika mshono wake kwa maumivu. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Vitus hakucheka. Aliniambia kwamba mgonjwa hawezi kuona nyuma ya paja lake mwenyewe, kwa hiyo mara moja kwa wiki nitazame mguu wote mpaka juu, na ngozi ikiwa nyekundu au ya moto, au ikichubuka, tusisubiri. Nilisema ndiyo.

Sikutazama hata mara moja.

Ninayo sababu, ingawa sioni kama inatosha. Kwetu shangazi ndiye anayemfundisha msichana habari za mwili wake. Yeye ndiye aliyenifungia mlango nilipokuwa na miaka kumi na mitatu akaniambia yaliyonipasa kuambiwa, mimi nikiwa nimeinamisha kichwa. Yeye ndiye anayetutazama sisi. Sisi hatumtazami. Kumwambia mtu kama huyo, "Shangazi, funua mguu nione," ni maneno ambayo ulimi wangu haukuwa na pa kuyaanzia.

Mguu ulianza kuvimba miezi minane baada ya upasuaji. Niliona kwanza kwenye viatu: cha kulia alikifunga, cha kushoto alikikanyaga kisigino kama ndala. Baadaye niliona anakanyaga cherehani kwa mguu wa kulia peke yake. Kisha akaanza kujishonea sketi pana, zinazofagia sakafu. Siku moja alikuwa amekaa uani, akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba, nami nikaona dirishani jinsi shimo lilivyobaki pale kama kwenye unga wa chapati uliokandwa, likakaa muda mrefu kabla ya kujaa.

Alijifunga bandeji mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Aibu yake ilikuwa na hesabu ambayo niliielewa vizuri. Kidole tumbo hakivimbishi mguu. Mguu ungeonekana, swali lingefuata, na jibu la swali lile lingekuwa kizazi.

Halafu Jumamosi moja tulikuwa kwenye sala ya jumuiya nyumbani kwa Mama Tereza, mwenyekiti wetu, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu shambani. Tulikuwa tumepiga magoti mkekani. Bandeji ya shangazi, aliyoifunga kwa haraka, ililegea, na tulipoinuka ncha yake ikatoka chini ya sketi na kumfuata kama mkia.

"Fundi," Mama Tereza akasema, "utepe wako unaburuza."

"Ni pindo," shangazi akajibu.

"Pindo la mita mbili? Fundi huyu jamani, hata akienda kusali anakuja na vitambaa. Kesho atatupima vifua kwenye komunyo."

Wanawake walicheka, bila ubaya wowote. Shangazi naye alicheka, akakusanya bandeji akaishika ndani ya ngumi mpaka tulipofika nyumbani. Hakuifunga tena.

Badala yake alishona. Alichukua taiti nzito ya mtumba, akakata mguu mmoja, akaubana mishono kwa kipimo chake, akauzungushia juu lastiki pana, ile ya kiunoni mwa sketi za shule, akaishona mara mbili ili isiteleze. Ilikuwa soksi ndefu ya kufika pajani, kazi safi. Aliniita akanionyesha ikiwa mezani, kando ya mkasi.

"Sasa hii haitatoka hata nikicheza ngoma," alisema. "Hao wa Mbeya wangeniuliza mimi."

Niliitazama lastiki. Niliivuta kidogo kwa vidole viwili ikarudi kwa nguvu. Nilikumbuka mlango uliofungwa na maji yaliyobaki ndani. Niliyakumbuka maneno ya Vitus yote, kwa mpangilio wake, kwa sababu nina kichwa cha kukumbuka maneno.

"Shangazi, hii lastiki..."

"Ina nini?"

Kama ningesema inabana, angeniambia haibani. Ningelazimika kusema basi ivae nione. Na angeivaa, palepale mbele yangu, na ningetakiwa kutazama.

"Ni nzuri," nilisema, nikarudi chumbani. Nilishika kitabu, lakini sikumbuki nilisoma nini.

Hiyo ilikuwa mwezi wa Juni. Mwezi wa Julai, mahindi yakiwa ghalani na ulezi umeshapurwa, mdogo wangu Agnesi aliletewa posa. Wakwe walikuwa wanatoka Ilemba, kule bondeni, na walitakiwa kupokelewa nyumbani kwa baba, Mpui. Shangazi wa binti hawezi kukosa siku kama hiyo. Ndiye anayepokea wageni. Na kwetu Ufipa mwanamke hapokei wageni wa heshima akiwa amesimama: anapiga magoti chini, anapiga makofi taratibu na kwa mpangilio, anasalimia, na anabaki hapo mpaka aitikiwe. Mwanamke asiyepiga magoti mbele ya wakwe ameshasema anawaonaje.

Tulikwenda Mpui siku moja kabla. Usiku ule nililala kitanda kimoja na shangazi, naye alilala na soksi. Asubuhi aliamka akasema ana baridi. Mpui mwezi wa Julai kila mtu ana baridi, upepo unapita juu ya mashamba matupu kama hakuna nyumba, kwa hiyo alijifunga shuka la pili na hakuna aliyeshangaa. Mimi niliona midomo yake imekauka. Niliona anaweka mguu chini kama mtu anayekanyaga moto. Nilimuuliza kama yuko sawa.

"Kapange viti," alinijibu.

Wageni walifika saa tano kwa gari aina ya Noah, wazee wanne na mshenga wao, mzee mmoja mcheshi aliyeitwa Modesti. Shangazi alikwenda mbele ya wanawake wote, akapiga magoti, akapiga makofi, akawasalimia. Wakaitikia. Wanawake wengine wakainuka. Yeye akabaki.

"Mama, pamekunogea kukaa hapo?" Modesti akauliza. "Sisi tumekuja kumchukua binti, shangazi hatukumtaja, lakini tunaweza kuzungumza."

Watu wakacheka.

"Pombe ya ulezi bado haijamiminwa, na shangazi ameshaanguka," mwingine akaongeza.

Wakacheka tena. Shangazi alikuwa anatabasamu huku jasho likimtoka kwenye baridi ile. Aliweka mkono mmoja chini, akajaribu kuinuka, akashindwa. Akanitafuta kwa macho. Sikuwahi kumwona akinitafuta kwa macho hivyo. Nilikwenda nikamshika kwapani, na joto la mwili wake likapita kwenye nguo zangu.

Nilimpeleka chumbani kwa bibi. Bibi Monika, mama yake mzazi, alitufuata akiwa na fimbo yake, akafunga mlango. Shangazi alilala, akafumba macho, na bibi bila kuuliza akamfunua mguu.

Hapo ndipo nilipoutazama kwa mara ya kwanza.

Paja lilikuwa limejaa juu na chini ya lastiki, na katikati lastiki ilikuwa imezama ndani ya nyama kama kamba kwenye mti uliofungiwa mbuzi miaka mingi. Nilikata soksi kwa kisu cha bibi, kuanzia kifundoni. Ngozi ilipoachiwa ilikuwa nyekundu, inang'aa, ya moto, na pale ilipokuwa lastiki palikuwa pamechubuka mzunguko mzima, na nyuma, pale asipoweza kujiona, palikuwa na kidonda chenye majimaji. Hakikuwa kidonda cha siku moja. Kilikuwa na wiki, labda zaidi. Kama ningetazama Jumapili moja tu, ningekiona kikiwa mchubuko.

"Maji haya," bibi akasema. Hakushtuka. Bibi si mganga, ni mama wa watu tu, lakini katika maisha yake ameshaona miguu mingi iliyovimba, na anajua cha kufanya kama wanawake wa rika lake wote wanavyojua. Alifungua kisanduku chake, akatoa wembe mpya ukiwa bado kwenye karatasi, na kichupa cha dawa. "Tutamchanja hapa na hapa, chale ndogo. Maji mabaya yatatoka. Jioni atacheza."

"Bibi, twende hospitali," nilisema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Hospitali ya nini? Kuvimba mguu?"

Nilimtazama shangazi. Alikuwa amefumbua macho. Alijua kila kitu alichokatazwa, kwa sababu tuliambiwa pamoja. Nilingoja akatae. Nje wazee walikuwa wanacheka, baba yangu alikuwa anawakaribisha ndani, na kati yetu na wao palikuwa na dirisha lisilo na kioo.

"Chanja, mama," shangazi akasema. "Yatoke."

Nilielewa kwamba kuchanjwa kulikuwa rahisi kwake kuliko kueleza kwa nini asichanjwe. Nilielewa kwa sababu nami ndivyo nilivyofanya mezani, siku ile ya lastiki.

Bibi akaipasua karatasi ya wembe.

"Siyo kidole tumbo," nikasema.

Mtu asiyezoea kusema hajui kipimo cha sauti. Ilitoka kubwa mno, na baada ya kutoka sikuweza kuishusha. "Bibi, hakupasuliwa kidole tumbo. Alikuwa na saratani ya kizazi. Walimtoa kizazi na mitoki yote ya upande huu, ndiyo maana maji hayapiti. Ukimchanja ataoza. Walisema wembe usimguse. Walituambia sisi wote wawili."

Nje kicheko kilikatika. Nilimsikia mtu anaweka kikombe chini.

Bibi alibaki na wembe mkononi. Alimtazama mwanawe muda mrefu, kisha akazungumza naye kwa Kifipa, polepole, na sehemu niliyoielewa vizuri ilikuwa hii: "Kwa hiyo misa zote zile nilikuwa naombea kidole tumbo?"

Shangazi aligeuza uso ukutani.

Tulimpeleka mjini kwa gari la wakwe, kwa kuwa ndilo gari lililokuwepo. Mshenga Modesti mwenyewe alishika mlango. Hakufanya utani wowote, na hilo nadhani shangazi aliliona kuwa baya kuliko utani. Baba aliniangalia mara moja tu wakati tunaondoka, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

Hospitalini alitundikiwa dripu za dawa kwa siku sita. Daktari alisema ngozi imeingiwa na wadudu na kwamba kama tungeuchanja, au tungesubiri siku mbili, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Kisha akauliza, "Nyumbani nani anautazama mguu?"

"Mimi," nilisema.

Aliandika kitu. Hakuniuliza zaidi, na ningependa angeniuliza.

Kwa siku nne za kwanza shangazi hakuzungumza nami isipokuwa "nipe maji" na "washa taa." Nilikuwa nakaa kwenye benchi kando ya kitanda, mguu wake ukiwa juu ya mito miwili, na sikuleta kitabu. Siku ya tano, wakati wagonjwa wengine wametoka kuota jua, alianza mwenyewe.

"Ulijua kuhusu ile lastiki?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponionyesha mezani."

"Ukasema ni nzuri."

"Ndiyo, shangazi."

Alivuta shuka mpaka kifuani.

"Ilipokupasa kusema, ukanyamaza," alisema. "Ulipokuja kusema, ukawasemea wakwe."

Nimejaribu kuupanga ule mchana kwa namna nyingine, ambapo nainama sikioni mwa bibi na kunong'ona, na shangazi anapona na siri inabaki siri. Lakini siku ile sikuwa na sauti ya kunong'ona. Nilikuwa nimeitumia yote katika kunyamaza.

"Nisamehe," nilisema.

"Nikusamehe lipi? Chagua moja." Kisha, kwa sauti ya chini: "Hata mimi ningeweza kumkataza. Ni mama yangu."

Niliiweka sawa mito chini ya mguu wake.

Uchumba wa Agnesi haukuvunjika. Wakwe walirudi wiki mbili baadaye wakamalizia, na shangazi hakwenda. Habari ilifika Izia kabla yetu. Jirani mmoja alileta uji wa ulezi akauweka mezani bila kukaa. Mama Tereza alikuja, kwa mara ya kwanza akakosa la kusema, akaishia kuuliza bei ya sare. Wapo walioacha kuagiza gauni za ubatizo. Sijui kama ni kwa sababu hiyo au ni msimu tu, lakini shangazi alizikunja zile zilizokuwa zimening'inia dirishani akaziweka kabatini.

Wekundu ulipoisha kabisa tulirudi Mbeya. Vitus alitukumbuka. Alilitazama lile kovu la mzunguko kwenye paja, akatutazama sisi, akashusha pumzi, kisha akatufundisha upya tangu mwanzo bila kutukaripia. Nilitazama. Uso ulikuwa unaniwaka, na nilitazama kila kitu: namna anavyosukuma ngozi kwa kiganja, kwa wepesi, kuelekea juu, namna anavyotenganisha vidole vya mguu, mahali anapoanza kulegeza. Alimwambia shangazi kwamba mguu hautarudi kuwa kama wa kulia, asidanganywe na mtu, lakini utapungua, na ukifungwa vizuri kila siku utabaki umepungua. Shangazi akauliza kama aiache cherehani.

"Usiiache," Vitus akasema. "Ukikanyaga huku umefungwa, misuli inayakamua maji. Hayo ndiyo mazoezi yenyewe. Ila kanyaga na wa kushoto, usiuonee wa kulia."

Tangu hapo kila asubuhi nauosha mguu ule, naukausha, naupaka mafuta, naufunga. Kila Jumapili shangazi ananipa futi yake ya kupimia nguo, napima kifundo, kigimbi na paja. Paja lilikuwa sentimita sitini na tisa tulipoanza, na wiki iliyopita lilikuwa sitini na mbili. Yeye hutazama ukuta ninapopima. Mimi hutazama mguu. Haijawa rahisi kwa yeyote kati yetu, na hatujawahi kujifanya kwamba ni rahisi.

Mwanzoni tulifanya hivyo chumbani kwake. Lakini kule ndani mwanga ni hafifu, na kutwa nzima bandeji hulegea ikahitaji kurudiwa, kwa hiyo mchana tulihamia dukani, mlango ukiwa umerudishwa nusu. Jumanne iliyopita nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kiti chake, nimefika chini kidogo ya goti, aliposukuma mlango mteja, Kashinje, mfugaji mmoja mrefu aliyeleta suruali mbili kupunguzwa. Hakuwa mtu wa Izia wala wa parokia. Hakuwa amesikia lolote. Alisimama akautazama mguu kama anavyotazama mnyama mnadani, wazi kabisa.

Nilisita. Nilijua nikiinuka kufunga mlango bandeji itafunguka yote, na nisipoinuka atamwona shangazi hivyo alivyo. Masikio yaliniwaka. Nilishusha sketi yake kwa mkono mmoja.

"Shikamoo, mama fundi," Kashinje akasema. "Huo mguu umefungwa kama wa ndama wangu aliyeanguka korongoni."

"Marahaba. Huyo ndama alipona?"

"Tulimla."

Shangazi akacheka puani. "Basi mimi msinile. Suruali moja iko tayari, nyingine bado vifungo. Kaa."

Kashinje alikaa kwenye benchi, kofia magotini. Aliendelea kutazama. "Uliumia wapi, mama?"

Nilihisi mguu ukikakamaa chini ya vidole vyangu. Sikuinua kichwa. Nilingoja kusikia ajali, au nyoka, au kuanguka kisimani, na nilijiandaa kuitikia chochote atakachosema.

"Sikuumia," shangazi alisema. "Nilitolewa kizazi. Kilikuwa na saratani. Huu ni mabaki yake."

Hakumtazama aliposema. Alikuwa ameshika ile suruali isiyo na vifungo, anaitafuta sindano kwenye upindo wa kola yake. Kashinje alisema pole, mama, kwa sauti ndogo kuliko mwili wake, akageuka kutazama barabarani. Niliendelea kuzungusha bandeji, lakini sikuwa naona ninachofanya.

"Umelegeza," shangazi akaniambia.

Kweli nilikuwa nimelegeza, tangu kifundoni.

"Fungua yote," akasema, akaivuta mwenyewe sketi hadi juu ya goti. "Anzia vidoleni."